Jumatatu Bwawa Hufungwa

Mji mzima, watu wasiohesabika, na bwawa la kuogelea la umma hakuna hata moja. Hata moja! Zamani yalikuwapo mawili. Fundi wa hadithi hii anayajua yote mawili, na lile la manispaa alilifanyia kazi miaka tisa, siku zile kiingilio kilikuwa sawa na bei ya soda, na Jumamosi watoto walipanga foleni mpaka barabarani, taulo shingoni. Kisha likafungwa kwa ukarabati wa miezi mitatu. Miezi mitatu hiyo imefika miaka kumi na sita, na leo ukipita pale utakuta magari ya mitumba yamepangwa juu ya kifusi, kila moja na bei yake kwenye kioo. La pili, la uwanja wa michezo, lilijazwa mchanga likageuzwa ukumbi wa harusi. Ukimuuliza bwana yeyote wa manispaa, atakwambia bwawa jipya liko kwenye mpango. Haya, mpango. Tumeusikia.

Fundi mwenyewe hakukaa bila kazi. Alichukuliwa na klabu moja ya wanachama, upande wa mji wenye mageti marefu na mbwa wakubwa, akawa msimamizi wa bwawa lao: kupima maji asubuhi na jioni, kusafisha machujio, kuendesha pampu, kutia dawa. Kazi aliijua nje ndani. Lakini kuogelea pale? Thubutu! Miaka kumi na tano aliingia kwenye maji yale mara moja tu, na nguo zake zote, kuokota miwani ya mke wa mwanachama.

Sasa, mtu huyu alikuwa na dada. Dada mkubwa, wa tumbo moja, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, Fundi akiwa na miaka saba na dada kumi na tisa. Alimsomesha kwa cherehani ya miguu, suruali baada ya suruali, sare baada ya sare. Mwaka jana dada huyo akateleza kwenye ngazi zilizomwagika maji, akavunjika nyonga. Akapasuliwa, akatiwa vyuma, akarudi nyumbani na mguu wa kulia mgumu, haukunjiki wala hauendi mbele bila gongo. Na ndio mguu aliozoea kukanyagia cherehani.

"Atembee ndani ya maji," alisema mtaalamu wa viungo pale hospitali, mama mmoja mnene asiyependa maneno mengi. "Maji ya kifuani. Maji yanabeba uzito, mguu unajifunza upya bila maumivu. Ingefaa mara tatu kwa wiki, lakini hata mara moja ni afadhali kuliko kukaa. Ila msichelewe. Ikipita miezi minne, nyonga itaganda ilivyo, na hapo hata mimi sina la kufanya."

"Maji ya wapi, daktari?"

"Ya bwawa."

"Bwawa gani?"

Yule mama akafunga faili. Hilo alikwisha kuulizwa na wengi.

Fundi akazunguka mji mpaka soli zikalia. Hoteli ya kwanza, kiingilio cha siku moja kilikuwa mshahara wake wa siku tisa. Hoteli ya pili, binti wa mapokezi alimuuliza chumba namba ngapi. "Sina chumba, mwanangu, nina mgonjwa," akamjibu. "Basi samahani, mzee." Shule ya matajiri ilikuwa na bwawa zuri, halina mtu saa nane za mchana, lakini mwalimu mkuu akasema wazazi hawatapenda. Mto wa mji ule usiutaje, hata nguo hawafulii. Mwisho akapiga moyo konde, akamwomba Meneja wake mwenyewe: saa moja tu, Jumatatu, siku ambayo bwawa hufungwa kwa wanachama ili lisafishwe. Meneja alimsikiliza vizuri kabisa, mikono ameikunja mezani. Akasema angependa sana, ila akimfungulia mmoja, kesho wafanyakazi wote watakuja na mashangazi zao.

Mtu akinyimwa kwa adabu hivyo, afanye nini? Fundi akaamua kuiba. Hakuiba kitu, aliiba maji, tena ya kutembea ndani yake tu na kuyaacha pale pale.

Getini alikaa mlinzi waliyemwita Meja, ingawa jeshini hakuvuka ukoplo. Fundi alimweleza yote bila kuficha, na Meja akakuna kidevu.

"Mimi sikuona mtu, sikuona gongo," akasema. "Lakini nina watoto wanne, Fundi. Hili lisijulikane. Hata yule binti wa dada yako asijue. Binti yule mdomo wake hauna mlango."

Maneno ya kweli. Binti wa dada alikuwa mwalimu wa chekechea, na habari akiipata saa mbili, saa nne mtaa mzima unayo. Akaambiwa mama yake anakwenda mazoezi hospitali kila Jumatatu, akafurahi, akaenda kazini kwake.

Dada akajishonea vazi la kuogea kwa kitambaa cha miavuli, jeusi, suruali ndefu na gauni juu yake, mishono miwili miwili.

"Kwa nini mwavuli, dada?" Fundi alimuuliza siku ya kwanza, akimshika kiuno ili ashuke ngazi za bwawa.

"Linakauka upesi. Na nikizama utanifungua tu, nitaelea."

"Hapa maji ya kifua. Huzami."

"Wewe shika vizuri, acha kucheka. Ukiniangusha na huu mguu wa pili ukavunjika, utanibeba mgongoni mpaka siku yako ya kufa."

Alikuwa akiogopa, masikini, alimshika mdogo wake mpaka kucha zikamwingia. Fundi akamweka kwenye pembe ya maji mafupi, penye bomba la kushikilia ukutani. Tatizo pembe ile ndiyo yenye matundu ya kurudishia maji, na pampu ikiwa kazini maji hutoka kwa nguvu. Dada akasema samaki wanamsukuma. Basi Fundi akawa anaizima pampu kwa saa ile moja, kisha anaiwasha dada akishatoka, kavaa, kaketi kibarazani kwa Meja.

Jumatatu ya tatu goti lilianza kukunjika. Ya sita, dada alikwenda na kurudi upana wote wa bwawa, mkono mmoja tu kwenye bomba. Ya nane akaachia. Hatua mbili, akashika tena, akapiga kelele kama msichana, na Fundi akageukia ukutani kwa sababu machozi yalikuwa yanamtoka na dada angemtania mwaka mzima. Alifurahi mtu yule. Miaka mingi alikuwa hajafurahi hivyo.

Lakini kuna mambo mawili ya pale klabu lazima uyajue.

La kwanza ni mlio wa pampu. Pampu ile iliwahi kuungua, na Meneja alikaripiwa na wakubwa zake mbele ya watu. Tangu siku hiyo, kila akifika getini, hata kabla ya salamu, hutega sikio. Pampu ikinguruma, anakwenda zake ofisini. Ikinyamaza, anakuja moja kwa moja bwawani. Jumatatu hakuwa na kawaida ya kuja, ila bosi ni bosi, ana siku zake.

La pili ni dawa. Ndani ya chumba cha mashine, pembeni ya pampu kubwa, kuna vipampu viwili vidogo. Kimoja kinavuta klorini kwenye pipa lake, kingine kinavuta asidi kwenye pipa lake, vyote vinatia kwenye bomba lile lile linalorudisha maji bwawani. Maji yakiwa yanapita kwa wingi, hakuna neno, dawa zinachukuliwa tone tone na maji yanakuwa safi. Maji yakisimama, dawa hizo mbili zikikutana zenyewe bombani, zinazaa gesi ya kuua. Ndiyo maana zamani vilifungwa pamoja kwa waya mmoja: pampu kubwa ikizimwa, vidogo vinazimika vyenyewe. Sasa ule waya ulikuwa ukikatikakatika, na Ijumaa kabla ya Jumatatu ya kumi fundi umeme alikuja akauondoa, akavichomeka vipampu kwenye soketi ya ukutani moja kwa moja mpaka apate kifaa kipya.

"Ukizima kubwa, na hivi uzime kwa mkono," alimwambia. "Usisahau."

"Nisahau? Nina wazimu?" akajibu Fundi.

Hiyo ilikuwa Ijumaa.

Jumatatu ya kumi, mkono wake ulizima pampu kubwa kama ulivyozima Jumatatu tisa, na kabla hajafikiri la pili akasikia dada anamwita nje: "Njoo uone! Njoo uone, wewe!" Akatoka mbio. Dada alikuwa katikati ya maji, mbali na bomba, mikono juu, anatembea. Anatembea kweli, mguu wa kulia unakunjika na kunyooka, na vazi la mwavuli limevimba kiunoni. Alikwenda, akageuka, akarudi, akaenda tena. Fundi akakaa ukingoni akihesabu hatua, mpaka hesabu ikampotea. Dakika arobaini zikapita hivyo, na kule ndani vipampu viwili vilikuwa vinatia dawa kwenye bomba lisilopitisha maji.

Kisha filimbi ya Meja, ishara waliyopatana. Moja ndefu. Gari la Meneja lilikuwa linakata kona.

Kumtoa dada majini kulihitaji dakika kumi, kwa ngazi zile na mguu ule. Kuwasha pampu kulihitaji kitambo cha kufumba na kufumbua. Pampu ikinguruma, Meneja angekwenda ofisini, na wangepata nafasi ya kutoka taratibu. Alifikiri hivyo, na ukitazama, si mawazo ya mjinga. "Shika bomba, usitoke!" akamwambia dada, na dada akaja pembeni pale pale penye matundu, akashika. Fundi akakimbia, akabonyeza.

Harufu ilimpata mlangoni akitoka. Harufu ile haifanani na nyingine, ukiijua unaijua. Akageuka akaona maji ya pembeni yanachemka mapovu, na juu yake ukungu wa manjano ukikaa kwenye uso wa dada yake. Dada hakupiga kelele, maana hakuwa na pumzi ya kupigia. Fundi alizima kila kitu, akajitupa majini, akamkokota mpaka ngazi za upande wa pili, akamtoa. Sijui alimtoaje. Ngazi za dakika kumi alizipanda mara moja.

Na Meneja? Hakushuka hata garini. Alimpa Meja bahasha ya mhasibu kupitia dirishani, akageuza gari, akaenda zake. Potelea mbali!

Hospitali walifika kwa taksi, dada akikohoa mpaka mwili unakunjika, macho mekundu, nguo kavu juu na nywele zinachuruzika. Muuguzi akachukua kalamu.

"Amevuta nini?"

Fundi akafungua mdomo. Dada akamtangulia.

"Mkaa," akasema kati ya vikohozi. "Niliwasha jiko... madirisha nimefunga."

"Na haya maji?"

Muuguzi alimtazama Fundi. Hapo ndipo angesema. Hapo hapo, mbele ya kalamu. Alimwona Meja na watoto wanne, akaona kazi yake, akaona polisi, na Meneja amekunja mikono mezani. Aliogopa. Tusimpambie, aliogopa tu.

"Majirani walimmwagia maji," akasema. "Walidhani amezimia."

Akatiwa oksijeni, akapewa dawa ya kupanua kifua. Baada ya saa mbili kikohozi kikatulia, uso ukarudi rangi yake. Akaanza hata kumtania muuguzi kwamba sare yake imeshonwa na kipofu. Daktari kijana akaja, akasikiliza kifua, akasoma karatasi. Akasema moshi wa mkaa ukishatoka umetoka, mama aende nyumbani, alale madirisha wazi, na jiko asilete ndani tena.

Sasa, kwenye ukuta wa chumba cha mashine, juu ya barakoa za kuzuia gesi, pana tangazo la maandishi mekundu. Fundi mwenyewe humsomea kila mfanyakazi mpya, kwa sauti, na humlazimisha arudie: aliyevuta gesi ya klorini akae chini ya uangalizi wa daktari kwa saa ishirini na nne, hata akijiona mzima. Hata akijiona mzima. Maneno hayo yalimjaa kinywani akiwa amesimama pale kando ya kitanda. Alisema, "Daktari..."

Dada akamshika mkono, akambana.

"Twende nyumbani, mdogo wangu. Mimi mzima." Kisha kwa sauti ndogo, daktari akiwa amekwisha kugeuka: "Nimekusomesha kwa cherehani mpaka kidole kikatoboka. Leo nikufukuzishe kazi kwa ajili ya kikohozi? Nyamaza."

Naye akanyamaza. Mtu mzima, mvi kichwani, anaambiwa nyamaza na dada yake ananyamaza kama ana miaka saba! Na ukweli ni kwamba alishukuru kuambiwa. Ndilo lililomla baadaye kuliko yote.

Nyumbani dada alishuka kwenye taksi akamwachia gongo mkononi. Akatembea mwenyewe kutoka barabarani mpaka mlangoni, akachechemea kidogo tu, akageuka kumtazama kama ameona. Binti yake alikuwa bado kazini. Akaketi kwenye cherehani, akaweka mguu wa kulia kwenye kanyagio, akakanyaga. Gurudumu likazunguka. Hakutia hata uzi, alikanyaga hivyo hivyo mashine tupu, akicheka, na Fundi akacheka naye, akasema moyoni basi, Mungu ametusitiri.

Saa kumi kikohozi kilirudi. Kilikuwa kikohozi kingine, cha majimaji, na mdomoni likatoka povu la rangi ya waridi. Dada akataka kusema neno, mkono ukaonyesha dirisha, nalo lilikuwa wazi. Fundi akambeba mgongoni mpaka barabarani, akasimamisha gari la kwanza lililopita, la mtu wa kusambaza mikate, wakampakia kati ya makreti. Njia nzima alikuwa akimwambia pumua, dada, pumua, kana kwamba mwenzake amegoma.

"Ni klorini!" alipiga kelele mlangoni pa hospitali, kabla hajaulizwa. "Amevuta klorini, tangu mchana!"

Daktari wa zamu ya jioni alichukua faili. "Mbona hapa imeandikwa mkaa?"

"Nilidanganya."

Yule daktari hakumgombeza. Alimtazama mara moja, akakimbia na kitanda. Fundi alibaki kwenye benchi la korido, mikono inanuka mikate. Kabla taa za barabarani hazijawaka, wakaja kumwambia. Mapafu yalijaa maji, walisema. Kama angelazwa mchana, pengine. Hawakuahidi. Walisema pengine.

Msiba ulijaa. Wateja wa miaka thelathini walikuja, wengine wamevaa nguo alizowashonea. Majirani walimsifu Fundi mbele ya kila anayeingia: ndugu kama huyu hayupo, kampeleka mazoezi kila wiki, na mama wa watu alikwisha kuanza kutembea, jamani, tulimwona kwa macho yetu siku ile ile! Kila sifa aliipokea kichwa chini, inamchoma. Meja naye alikuja, kavaa koti la jeshi, akamvuta pembeni.

"Pole sana," akamnong'oneza. "Lakini yaliyopita si ndwele. Ukisema, harudi. Mimi nina watoto wanne."

Siku ya tatu, watu walipopungua, binti wa dada akamfuata uani. Macho yalikuwa yamevimba. Mkononi alishika karatasi ya hospitali iliyokunjwa na kukunjuliwa mara nyingi.

"Mjomba, hapa wameandika klorini. Juu wameandika mkaa, wamekata, wameandika klorini. Sisi mkaa hatujatumia tangu tuhamie hapa. Na klorini sina hata kijiko. Mama alikuwa wapi Jumatatu?"

Fundi alimwona Meja akilini mwake, akamwacha apite.

"Alikuwa anaogelea," akasema.

Binti alimkazia macho. Kisha uso wake ukabadilika, ukawa na hasira ambayo Fundi hakuwahi kuiona kwake.

"Anaogelea?"

"Nilimpeleka mimi. Kila Jumatatu. Mazoezi yale hayakuwa ya hospitali."

"Mjomba, mimi nimezaliwa mji huu. Nina miaka ishirini na sita. Sijawahi kuingia kwenye bwawa, simjui mtu aliyeingia kwenye bwawa. Watoto wangu wa chekechea wanachora bwawa la kuogelea kwa kuliona kwenye televisheni. Leo mama yangu, mshonaji, kilema, ndiye anaogelea?" Sauti ikamkatika. "Wapi? Watu kama sisi wanaogelea wapi? Kama hutaki kuniambia, sema hutaki. Usinitanie, mama yangu hana hata siku tatu kaburini."

"Sikutanii, mama."

"Basi niambie ukweli!"

Ukweli ndio ule, ameutoa, na haukuaminika. Fundi akavuta kigoda, akamkalisha, akakaa chini mbele yake kwenye saruji. Akaanza tena, mwanzo kabisa, kwenye maneno ya mtaalamu wa viungo na hoteli ya kwanza, na binti alikuwa akitikisa kichwa kila sentensi, hapana, hapana, na Fundi akaendelea.